Grafu moja, MB 36

Leo tumetuma makala. Jarida linataka grafu za nukta 600 kwa inchi, na mfumo wao wa kupokea mafaili unakataa chochote kinachozidi MB 10.

Haya, pangeni wenyewe.

Grafu yetu ya mvua ina upana wa sentimita 17 na kimo cha 12.7. Kwa nukta 600, hizo ni pikseli 4,016 kwa 3,000. TIFF (aina ya faili la picha) isiyobanwa ikatoka na MB 36, na bando lenyewe ndio hilo la kuungaunga.

Mwenzangu akasema tugeuze JPEG. Nikakataa katakata. JPEG iachieni picha za harusi! Kwenye grafu inaacha ukungu pembeni mwa kila herufi.

Tukaibana ile TIFF kwa LZW, njia ya kubana isiyopoteza hata pikseli moja. Sehemu kubwa ya grafu ni weupe mtupu unaojirudia, na huo ndio inaoukunja. Faili likashuka chini ya MB 1.

Nikaivuta kwenye skrini hadi pale Machi, mstari wa masika unapoanza kupanda. Mwembamba, mweusi, kingo kali kama wembe. Namba za mhimili zote zinasomeka. Jamani, niliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama ile data yenyewe 😂

Kinachoniudhi: PDF ya vekta, inayohifadhi mistari yenyewe badala ya pikseli, ingekuwa na KB chache tu na haichakai hata ukiivuta vipi. Hawaipokei.

Nyie mnaochora grafu kwa R na Python, majarida yenu yanawakubalia vekta, au wote tuko kwenye TIFF?