Mume wangu amelala hotelini

Nimerudi jana mchana na begi kubwa bado limekaa sebuleni, Mama analikwepa akienda na kurudi huku anasonya. Saa hizi nilitakiwa niwe na daftari la mzigo. Mzigo wenyewe hauna neno, umepakiwa Guangzhou na karatasi ninazo. Binti yangu Nasra kapangiwa chuo Dodoma. Shamsa kaposwa, hatimaye. Hayo yote tutayasema. Mimi niko kitandani na kichupa cha mafuta ya kuchua kiganjani, na kinachonizunguka kichwani ni mama mmoja wa Kuala Lumpur, muuza wali, ambaye mpaka naandika hapa anajua nina mume na mume wangu anaumwa kichwa.

Nianzie kwenye tiketi. Iliyopitia Kuala Lumpur ilikuwa nafuu, na binti wa wakala akaniambia naweza kushuka hapo siku tatu bila kuongeza kitu. China nimeshakwenda mara nane, zote na wenzangu wa Mtaa wa Kongo, tunalala wanne chumba kimoja na kugombania soketi ya kuchajia simu. Siku tatu peke yangu, mji nisiojua mtu, na miaka yangu 44. Nikasema mbona naweza.

Nilifikia hoteli ndogo juu ya duka la vitambaa, mtaa unaitwa Jalan Masjid India. Ukifungua dirisha inapanda harufu ya jora jipya, ile ile ya kwetu Kariakoo asubuhi kabla vumbi halijaamka. Ukitembea kidogo tu unafika Msikiti wa Jamek, wa mwaka 1909, mistari myekundu na myeupe, umekaa kwenye ncha kabisa pale mito miwili inapokutana, Klang na Gombak. Jina la mji limetoka hapo: makutano yenye matope. Nilicheka peke yangu barabarani. Wenzetu matope yamewazalia mji mkuu, sisi Jangwani yanatuhamishia magodoro tu.

Sasa. Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Kule maduka ya zamani yana baraza ya mbele iliyoezekwa, wanaiita kaki lima, yaani futi tano, ndipo watu wanapopita kukwepa jua na mvua. Kwenye baraza moja kuna kijana wa Kitamil anauza chai ya maziwa, anaimimina kutoka kopo hadi kopo kwa urefu wa mkono wake mpaka inatoa povu. Mzee wa Kichina amekaa kwenye kigoda na gazeti lake, hanyanyui macho. Na pembeni yao mama wa Kimalei, umri wa Mama ukimpunguzia miaka kumi, na meza ya kukunja. Juu ya meza, wali wa nazi.

Wao wanauita nasi lemak, lakini ni wali wa nazi, msinibishie. Anaweka karatasi, juu yake kipande cha jani la mgomba, wali anaupima kwa kikombe, anamwagia pilipili ya kukaanga, nyekundu, nzito, yenye utamu kwa mbali, kisha dagaa. Dagaa mchele hawa hawa, waliokaushwa mafutani mpaka wanalia ukiwatafuna. Karanga, tango, nusu yai. Halafu anakunja pembe kwa pembe kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine unarudisha chenji ya mteja aliyetangulia, na kifurushi kinasimama chenyewe kama sambusa iliyonona. Mtu wa Tanga umetoka kwenu hadi huko unakuta wali wa nazi na dagaa juu ya jani la mgomba. Nilisimama pale nikawa kama mtu aliyeokota pesa.

Nikanyoosha kidole kwenye wali. Mama akauliza, "Satu?"

Nikasikia tatu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Vitatu nitavipeleka wapi?

"Dua?"

Hapo nikakwama. Wallahi nilidhani ananiombea dua. Msikiti unauona kule, mama wa watu kajifunga ushungi, ananitazama kwa upole, anasema dua. Ungefanya nini? Nikainamisha kichwa nikasema amin.

Akafunga viwili.

Satu ni moja na dua ni mbili. Nilikuja kuambiwa baadaye na kijana wa chai, ambaye naye aliniita kakak, nikageuka nyuma kumtafuta kaka anayeitwa. Kakak kwao ni dada. Lugha ile itakuua. Habari ni khabar, sabuni ni sabun, meza ni meja, bendera ni bendera na dunia ni dunia, unajiona umefika kwa shangazi, halafu neno dogo tu la kuhesabia linakuuza mchana kweupe.

Basi vifurushi viwili vimeshafungwa, mimi niko mmoja. Mama akatazama nyuma yangu, akasema kitu. Kijana akanitafsiria kwa Kiingereza: "Anauliza, hiki cha pili cha nani? Cha mume?"

Nikajibu: "Ndiyo. Amelala hotelini. Kichwa kinamuuma."

Mama akasema, "Kesian." Hilo kijana hakulitafsiri, na sikuhitaji. Akakifungua kile kifurushi cha pili, akaongeza nusu yai nyingine, akakikunja upya.

Nimeirudia hiyo mara mia. Kwenye treni nimeirudia, kwenye ndege nimeirudia, jana usiku Mama ananieleza mambo ya posa ya Shamsa, mahari na nini, naitikia "ehe" huku niko kwenye baraza ya Kuala Lumpur. "Ndiyo" naielewa. "Ndiyo" ni ya aibu, mtu ameshakufungia, ungesema nini. Hata "amelala hotelini" nitajisamehe. Lakini kichwa? Nani aliniuliza habari za kichwa?

Na majibu mengine yalikuwepo, tena mepesi. Nimekosea, naomba kimoja. Au: vyote vyangu, nina njaa. Au ukweli wenyewe: sina mume, mama, tumeachana mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyewatangazia hapa hapa, nikawaambia mtu asinipe pole. Mimi ndiye niliyemwambia hata kijana wa mkokoteni aliponiuliza mbona Mzee haonekani dukani. Leo namwogopa mtu asiyenijua, hatanijua, na wala hatujuani lugha?

Siku hiyo nilipanda treni ya kwenda Batu Caves, mapango yenye hekalu la Wahindu, behewa la wanawake peke yao, mabango ya waridi. Ngazi 272 zilizopakwa rangi, nyani wananyang'anya watu ndizi, sanamu ya rangi ya dhahabu ya Murugan, mungu wao, imesimama chini pale ndefu kuliko mnazi. Vizuri sana. Sikumbuki sana. Nilikuwa napanda nasema kichwa, kichwa, kila ngazi. Usiku nikakitoa kifurushi cha pili kwenye friji ya chumbani, kimepoa, nikakila na mayai yake nusu mbili, nikahisi kama nimekula sadaka ya maiti.

Jumapili nikaamua nipite barabara nyingine. Njaa ikanirudisha. Mama aliponiona tu akaanza kufunga, viwili, hakuuliza dua wala satu. Akasema kitu, kijana akasema, "Anauliza, mume hajambo?"

"Hajambo kidogo," nikasema.

Kidogo! Ningesema amepona yangeishia hapo. Mama akainama chini ya meza, akapekua mkoba wake mwenyewe, akatoa kichupa hiki. Kimetumika, kimebaki nusu. Akaniwekea mkononi, akanifumba vidole, akajishika panda za uso kuonyesha pa kupaka: hapa na hapa, usiku. Nikatoa hela, akanisukuma mkono. Mzee wa Kichina akanyanyua macho kwenye gazeti kwa mara ya kwanza, akanitazama, akarudi kusoma. Nina hakika yeye alijua.

Nikaondoka pale na vifurushi viwili na dawa ya mtu asiyekuwepo, nikatembea bila kuangalia njia mpaka nikatokea mtaa mmoja, Jalan Tun H.S. Lee, ambako kuna hekalu la Wahindu, Sri Mahamariamman, la mwaka 1873, mnara wake umejaa masanamu ya rangi kutoka chini mpaka juu kama kanga iliyosimama. Mbele kidogo, upande wa pili wa barabara, hekalu la Wachina, udi wa mzunguko unaning'inia darini kama dawa kubwa ya mbu. Mvua ikashuka, ile ya kule, haitoi taarifa. Nikajibanza kwenye baraza karibu na muuza maua. Anatunga asumini. Anaweka vikonyo viwili huku na viwili huku, uzi unapita, kidole cha gumba kinakaza, vingine viwili. Hakutazama mikono yake hata mara moja. Harufu ile na mvua. Nikamkumbuka bibi yangu na vikuba vyake, halafu nikaikumbuka Unguja.

Mwaka 2012, mimi na Baba Nasra, siku nne za kupumzika. Jioni ya kwanza nimekwenda Forodhani peke yangu, muuza urojo akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia: amelala hotelini, kichwa kinamuuma.

Maneno hayo hayo. Na siku ile yalikuwa kweli.

Nikaanza kuhesabu pale barazani, mvua inapiga. Harusi ya kaka Idi: amelala, kichwa. Kikao cha wazazi shuleni kwa Nasra, mara ngapi sijui. Matanga ya Baba, siku ya tatu, wajomba wanauliza mkwe yuko wapi, nami nimebeba sinia: kichwa, tangu asubuhi. Kumbe kichwa sikukitunga. Kilikuwa kimekaa mdomoni miaka yote hiyo, nimeulizwa mume wako wapi, kikatoka chenyewe kama "marahaba".

Sikulia, msije mkaanza. Nilicheka. Nilicheka mpaka muuza maua naye akacheka bila kujua kitu, akanipa kipande cha uzi wenye asumini sita saba zilizobaki. Kwa sababu safari hii nilipoyasema yale maneno, nilirudi hotelini, nikafungua mlango, na hakukuwa na mtu kitandani. Mapazia wazi. Hakuna wa kuniambia punguza mwanga, hakuna wa kuniuliza ulikuwa wapi muda wote huo. Nikaweka asumini juu ya mto. Nikala vifurushi vyote viwili kitandani, kwa mkono, jambo ambalo mnajua nani asingelivumilia, nikafuta vidole kwenye jani la mgomba, nikalala kimshazari, mguu huku, mkono kule, kiyoyozi nimekizima kabisa.

Halafu jioni nikatoka nikatembea Jalan Tuanku Abdul Rahman kama mtu mwenye mtaa wake. Kuna maduka ya nguo pale yatakufanya usahau jina. Satini ya mitandio niliyoiona Guangzhou ipo pale pale, bei imeshapanda mlimani, na kina mama wa Kimalei wanaikwaruza kwa kucha kupima uzito vile vile kama wateja wangu. Nikasimama nao, nikakwaruza. Mmoja akaniuliza kwa ishara, nzuri? Nikakunja pua. Akairudisha. Samahani mwenye duka.

Jumatatu ndiyo siku ya kuondoka, nikashuka mapema. Nilikuwa nimejiandaa nimwambie. Nilishamuuliza binti wa mapokezi kwa Kimalei inasemwaje, nikaandika kiganjani. Meza ya kukunja haikuwepo. Jumatatu mama hafungui.

"Mume amepona?" kijana akauliza.

Nikatazama kiganja, jasho limeshakula nusu ya maneno. "Amepona kabisa," nikasema. "Ameshaondoka."

"Nitamwambia Makcik. Atafurahi." Makcik ndiyo mama wa wali, kwao ni kama kusema shangazi. Akachukua makopo yake. "Dua?"

"Satu," nikasema.

Akazidisha maziwa ya kopo, tamu mpaka meno yakaniwasha, nikanywa yote. Minara ya Petronas niliiona nikiwa njiani, mita 452, nikapiga picha moja, kidole kimeingia.

Mama amenikuta na kichupa hiki sasa hivi. Kanusa, kasema kizuri kwa goti, kakichukua. Nimemwachia, ingawa kuna kitu kimenikwama kidogo kilipotoka mkononi.

Nilitaka niendelee lakini simu imeita hapa. Mwenye fremu. Si kupiga, ameandika tu: "Mama Nasra, ukishapumzika tuonane." Kodi nimemlipa ya mwaka, mwezi wa sita, risiti iko kwenye kabati. Ujumbe kauleta saa nne usiku, na yeye ni mtu wa kulala baada ya isha. Jirani yangu wa viatu naye nimempigia mara mbili, hapokei.