Lakini Si Walifungwa?

Tangu Jumapili maneno ya mpwa wangu yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tulikuwa tumemaliza kula, nami nikawa nasimulia, kwa mazoea ambayo ninyi wasomaji wangu mmekwisha kuyachoka, bao la kichwa la mshambuliaji wetu Mbwana Samatta pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, timu yake ya Aston Villa ikiwa nyuma kwa mabao mawili mbele ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi: krosi ya El Ghazi, Samatta akijirusha, nyavu zikatikisika. Kijana alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Lakini si walifungwa, mjomba?" Nikamwambia ndiyo, mbili kwa moja. "Haya, sawa," akasema, akakusanya sahani.

Hiyo "haya, sawa" ndiyo iliyoniuma. Wiki hii mdogo wangu wa kike ameposwa na barua yangu ya uhamisho wa Dodoma imefika, lakini usiku mimi nimekuwa nikibishana kichwani na mtoto wa darasa la sita, na kila hoja ninayoishika namkuta amenitangulia. Bao la Anfield, nyumbani kwa Liverpool, akiwa na Genk ya Ubelgiji, Novemba 2019? Walifungwa. Bao dhidi ya Kenya kule Cairo, mwaka huohuo, Taifa Stars iliporudi AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39? Tulifungwa tatu kwa mbili, tena baada ya kuongoza mara mbili. Bao lake la kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, ambako hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza kabla yake? Bournemouth ilishinda. "Haya, sawa."

Jana ndipo nilipoikumbuka Lubumbashi, nikacheka peke yangu. Mwaka 2015 Samatta aliifungia TP Mazembe, klabu ya mji huo wa Kongo, katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger, wakatwaa kombe, na Januari iliyofuata akapewa kule Abuja tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Yule ni bingwa, na baadaye akawa bingwa tena Ubelgiji. Ila sisi tumezoea kuyathamini zaidi yale ambayo Uingereza imetuonyesha. Nikampigia kijana simu, nikamsimulia yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mbona hiyo hukuwahi kutusimulia? Ianze tena, mjomba, taratibu." Nikaianza tena.

Mama, aliyekuwa ananisikiliza kutoka jikoni, akauliza kama namsema yule kijana wa mechi za SamaKiba, anayecheza na Alikiba kuchangia elimu ya watoto. Nikasema ndiye. Akasema mtoto ambaye baba yake alikuwa askari na mcheza mpira hawezi kukosa nidhamu, na kwamba fedha zinazofika shuleni yeye anazielewa, vikombe haelewi. Alisema hayo akiwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili. Goti limevimba tangu juzi, hataki kusikia habari ya hospitali, na mimi natakiwa kuripoti Dodoma mwisho wa mwezi.