Kurudi Avebury: chaki, mawe na mzunguko wa kilomita 12

Baada ya miaka 11 Mwanza, nimerudi nyumbani Wiltshire, Uingereza, na ndugu walioko London na Reading wameshaanza kuuliza waje lini na waone nini. Jibu langu ni Avebury, kijiji chenye duara kubwa la mawe ya kale, lakini njooni na buti na nusu siku nzima. Wengi wanaofika hapa huzunguka mawe kwa dakika 40, hupiga picha, hunywa chai na kuondoka. Hao wameishia barazani, ndani hawakuingia. Mawe ya kijijini ni sehemu moja tu ya majengo ya kale yaliyotawanyika vilimani, na sehemu hizo zilijengwa ziendewe kwa miguu, moja baada ya nyingine.

Kabla ya yote ielewe chaki. Nchi hii imekaa juu ya mwamba wa chaki, mweupe na laini kama chaki ya ubaoni. Maji hayatuami juu yake, yanazama. Ndiyo maana vilima havina mito, vina kondoo na ngano tu, na vijiji vimejipanga mabondeni karibu na chemchemi. Ndiyo maana pia watu wasio na chuma waliweza kuchimba, kuzunguka mawe, handaki la kina cha mita 9 kwa pembe za kulungu: unachomeka ncha kwenye ufa wa chaki, unalalia pembe kwa uzito wako, pande linabanduka. Leo tuta la chaki iliyotolewa humo limefunikwa majani na handaki limejaa udongo hadi karibu nusu. Lilipokuwa jipya, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, duara lote lilikuwa jeupe pe, na mzunguko wake unazidi kilomita moja. Panda juu ya tuta ulizunguke lote kwanza, ndipo ushuke kwenye mawe. Ukianza na mawe hutapata kuona ukubwa wa kazi yenyewe.

Mawe si chaki. Ni saseni, mabaki ya tabaka la mchanga uliogandamana juu ya chaki mamilioni ya miaka iliyopita, likapasuka na kubaki vipande vipande mabondeni. Lisogelee moja uliangalie kwa karibu. Utaona matundu membamba yanayoingia ndani, mengine yanameza kidole kizima. Hayakutobolewa na mtu. Ni njia za mizizi ya mimea iliyoota kwenye ule mchanga kabla haujawa jiwe. Hakuna jiwe lililochongwa likapendeza kama yale ya Stonehenge. Yalichaguliwa yalivyo, yakaburutwa, yakasimamishwa. Kubwa kuliko yote lipo kaskazini, pembeni kabisa mwa barabara ya kwenda Swindon. Linakadiriwa kuzidi tani 60 na halijawahi kuanguka.

Duara la nje lilikuwa na mawe yapatayo 100. Yaliyokosekana yameenda wapi? Katika Enzi za Kati mengine yalizikwa, na mwaka 1938 chini ya moja ilipatikana mifupa ya mwanamume mwenye mkasi na sarafu za mwanzoni mwa karne ya 14. Hayo yaliyozikwa yalisalimika. Uharibifu mkubwa ulikuja karne ya 17 na ya 18, kwa njia ambayo mpasua kokoto yeyote wa Mwanza angeitambua mara moja: chimba shimo kando ya jiwe, liangushe juu ya moto wa nyasi na kuni, likishika joto kali mwagia maji baridi kwenye mstari mmoja, kisha piga nyundo. Vipande vyake vimo kwenye kuta za nyumba unazopita kijijini. Alexander Keiller, mrithi wa utajiri wa jemu ya machungwa, ndiye aliyechimba hapa miaka ya 1930, akasimamisha upya yale yaliyozikwa na kuweka vinguzo vya zege mahali pa yaliyovunjwa. Vinguzo hivyo watu huvipita tu. Vihesabu, ndivyo vinavyokuonyesha duara lilivyokuwa.

Sasa njia. Beba ramani ya Ordnance Survey Explorer 157. Ni ya kipimo cha 1:25,000, kwa hiyo sentimita 4 ni kilomita moja. Vistari vya kijani ni njia za umma. Simu inatosha kijijini, ila mabondeni mtandao hukatika, na baridi humaliza chaji upesi. Nguzo za njiani zina mishale: wa njano ni njia ya miguu, wa buluu ni ya farasi, baiskeli na miguu, mwekundu ni njia ambayo hata magari yanaruhusiwa. Njia ya umma ikikatiza shamba la ngano una haki ya kupita, mkifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Si uvamizi, wala huhitaji kubisha hodi kwa mkulima. Mgeni kutoka Tanzania husita sana hapa, akazunguka pembeni mwa shamba, na huko pembeni ndiko asikoruhusiwa.

Toka kijijini upande wa mashariki kwa njia ya Green Street. Lami inakwisha, unapanda taratibu zaidi ya kilomita mbili hadi kukutana na Ridgeway, njia ya kale yenye urefu wa kilomita 139 inayoishia Ivinghoe Beacon. Kabla hujakata kusini, vuka uingie kidogo Fyfield Down. Hapo saseni zimelala bondeni kama zilivyoachwa, na kwa mbali utadhani ni kondoo. Wenyeji waliziita hivyo, kondoo wa kijivu. Kaskazini kidogo, mashariki mwa Ridgeway, kuna jiwe moja lenye mifereji na sehemu iliyolika kama sinia. Ndipo waliponolea mashoka ya mawe. Pitisha kiganja: kando jiwe linakwaruza, ndani ya mfereji ni laini kama kigae. Halina kibao, na wengi hulikosa. Tenga nusu saa ya kulitafuta.

Rudi Ridgeway ushuke kusini kama kilomita tatu hadi Overton Hill. Kwenye njia hii matatizo huanza na mvua. Chaki iliyolowa na kusagwa na magurudumu inateleza kama sabuni, na mifereji ya matairi inaficha mawe ya gumegume yenye makali. Tembea kwenye majani katikati au ukingoni, si ndani ya mfereji. Viatu vya raba vyenye soli bapa viache nyumbani.

Overton Hill unavuka barabara ya A4. Magari hapa huenda kasi sana. Msivuke kwa mafungu, subirini nafasi moja mvuke wote. Ng'ambo ni Sanctuary, duara la nguzo za miti na mawe lililovunjwa karne ya 18, sasa limebaki alama za zege. Halivutii kwa macho. Simama hata hivyo, kwa sababu hapa ndipo ilipoishia njia ya mawe mawili mawili, West Kennet Avenue, iliyotoka kwenye duara la kijijini umbali wa kilomita mbili na nusu. Barabara ya gari inayofuata njia hiyo, B4003, ni nyembamba na haina pa kutembelea, usiitumie kurudi.

Shuka East Kennett, kisha magharibi hadi kaburi la West Kennet Long Barrow. Ni tuta lenye urefu wa mita 100, lililojengwa yapata mwaka 3650 kabla ya Kristo, lenye vyumba vitano ndani. Mabaki ya zaidi ya watu 30 yalikutwa humo. Kuingia ni bure, kunahitaji tochi na kuinama kidogo. Tafadhali msiwashe mishumaa. Masizi hayatoki kwenye jiwe, na moto hupasua saseni. Ni kanuni ileile ya wale wavunja mawe, ila hapa inakuwa polepole. Nje, geukia kaskazini: kilima cha Silbury kipo mbele yako, nacho si kilima. Ni chaki iliyorundikwa na watu yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo, kwenda juu zaidi ya mita 30. Kupanda ni marufuku, na sababu ni ya kweli. Mwaka 1776 walitoboa shimo toka kileleni hadi chini wakitafuta kaburi, hawakupata kitu. Mwaka 2000 shimo hilo likafumuka juu, na mahandaki ya wachimbaji wa baadaye yakaja kujazwa chaki 2007 na 2008. Kila buti linalopanda linafungua ngozi ya majani, na maji yanaingia humo.

Unarudi kijijini ukifuata kijito chini ya Silbury. Kijito chenyewe kinaitwa Winterbourne, kijito cha majira ya baridi, na jina halidanganyi. Mwisho wa kiangazi unakuta mkondo mkavu wenye majani. Mvua za vuli huzama kwenye chaki na kuchukua wiki na miezi kujaza mwamba, kwa hiyo maji hufurika Februari au Machi, pengine siku ya jua kali isiyo na wingu. Hapo ndipo watu hukwama: wameangalia utabiri wa siku hiyo, hawakuangalia mvua ya Novemba. Ukikuta maji yamepita kifundo cha mguu, rudi A4 upite njia ya juu ya Waden Hill. Ni kupanda kidogo, na unaona duara lote kwa juu.

Mzunguko wote ni kama kilomita 12. Kwa mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida ni saa nne, kwa watoto tano. Desemba jua linazama saa kumi jioni, kwa hiyo mwisho wa kuanza ni saa tano asubuhi. Juni lipo hadi saa tatu na robo usiku. Mimi ningekuja mwishoni mwa Aprili au Septemba. Aprili kuna wana-kondoo: acha kila geti kama ulivyolikuta, mbwa kwenye kamba. Ng'ombe wenye ndama wazungukieni kwa mbali. Wakimfuata mbwa, muachie mbwa, nanyi ondokeni kwa utulivu bila kukimbia. Majani yakirefuka vaa suruali ndefu, kwani kuna kupe.

Bila gari, panda treni stesheni ya Paddington, London, hadi mji wa Swindon, yapata saa moja, kisha basi namba 49. Jumapili mabasi ni machache. Angalia la kurudi kabla hujaanza kutembea. Duara ni bure, maegesho na makumbusho ni kwa malipo. Buti zikichafuka ziache zikauke kwanza, ndipo uzipige brashi. Chaki mbichi ukiifuta inaingia kwenye mishono, na haitoki.