Keria na Bei Yake ya Pili

Paa la gari lina bajeti yake, na bajeti hiyo haina uhusiano wowote na iliyo mfukoni mwangu. Nimelielewa hili polepole, katika majuma haya ambayo nimekuwa nikisaka keria, fremu ya kubebea mizigo juu ya paa, ya bei nafuu kwa ajili ya fowili yangu, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Nilianza na swali moja tu, nitaipata wapi kwa pesa kidogo. Sasa nina daftari lenye safu mbili, huku pesa, kule kilo, na kila nikipunguza huku kunaongezeka kule. Wahenga walisema rahisi ghali. Kwenye keria, rahisi ni nzito.

Gari lenyewe ni la zamani, bodi ya pembepembe, na lina mfereji wa mvua unaopita kandokando ya paa kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mtu wa kipato changu mfereji huo ni neema. Magari mengi ya siku hizi hayana. Paa limelainishwa, na ukitaka keria unahitaji miguu iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo, au reli za kiwandani, au matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Ukiwa na mfereji, klempu yoyote imara, yaani kibano cha kukazwa kwa bolti, inashika. Ndiyo maana Land Rover Defender za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70 huonekana na keria za kila sura, nyingine zikiwa kazi ya mafundi ambao hawajawahi kufungua katalogi hata siku moja.

Kabla ya kumtafuta muuzaji au fundi, nilifungua kitabu cha gari nikatafuta uzito unaoruhusiwa juu ya paa. Nashangaa ni wangapi wanaruka ukurasa huo. Gari kuwa kubwa na kupanda milima hakumaanishi paa lake linabeba chochote. Suzuki Jimny iliyotoka 2018 inaruhusiwa kilo 30 tu. Defender mpya, iliyoanza kuuzwa 2020, inaruhusiwa hadi kilo 168 ikiwa inatembea, na kilo 300 ikiwa imesimama. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayowaruhusu watu wawili kulala kwenye hema la juu ya paa bila paa kubonyea: gari limetulia, hakuna shimo, hakuna kona, hakuna breki ya ghafla. Gari likitembea, kila shimo huugeuza mzigo kuwa nyundo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize. Keria yenyewe imo ndani ya uzito huo. Paa likiruhusu kilo 100 na keria ikawa na kilo 40, umebakiwa na 60. Umelipa pesa yako kununua chuma kilichokula karibu nusu ya nafasi uliyoitaka.

Nikapiga hesabu ya vitu nilivyokuwa nimejiwekea akilini. Dumu la chuma la lita 20 likijazwa dizeli: mafuta yenyewe ni kama kilo 17, dumu tupu ni kama kilo 4, jumla 21. Nilitaka mawili. Tairi la akiba la pili, pana, pamoja na rimu yake ya chuma, linapita kilo 30 bila shida. Hapo nimeshafika kilo sabini na kitu, na hata hema, jeki ndefu na mbao za kujinasulia kwenye mchanga sijagusa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajaa upesi kuliko mtu anavyodhani akiwa amesimama chini anatazama paa tupu.

Keria mpya ya aluminiamu, ile bapa ya vipande vinavyofungwa kwa bolti, niliitazama kwa muda nikaiacha. Si kwamba haifai. Ni nyepesi, ni tambarare, haishiki kutu, na ina nafasi za kufungia kila kitu. Ila bei yake ingemaliza hela ya matairi, na kati ya matairi mazuri na keria nzuri sihitaji ushauri wa mtu.

Nikaingia kwenye zilizotumika. Huko kuna mambo ya kufurahisha, hasa kwa mwenye mfereji, maana keria ya gari la mizigo la kazi za mafundi umeme au mabomba mara nyingi hukaa vizuri kwenye fowili. Kipimo cha kuchukua ni kutoka mfereji wa kushoto hadi wa kulia, mbele na nyuma, kwa sababu mapaa mengi hubana kuelekea mwisho mmoja. Watu hupima upana wa paa lenyewe, kisha keria inafika na miguu inaning'inia hewani. Mimi nilibeba futi ya kupimia, sumaku, na bisibisi ya zamani. Bisibisi ni ya kuchokoa kwenye maungio. Bomba la chuma huoza kuanzia ndani, na kutu ikitokea nje ujue ndani ilishakula siku nyingi. Ukigonga bomba zima linalia. Bomba lililooza linajibu kwa sauti ya mchanga.

Moja ilinivutia sana. Bei nzuri, upana sawasawa, rangi nyeusi inang'aa. Kung'aa huko ndiko kulikonirudisha nyuma. Keria iliyotumika ina haki ya kuwa na mikwaruzo, na mtu anayeiuza hana sababu ya kupaka rangi sehemu nne tu, kwenye shingo za miguu. Nikakwangua kidogo kwa bisibisi, na chini ya rangi kulikuwa na puti, na chini ya puti ufa. "Hiyo ni alama tu ya zamani, kaka," aliniambia muuzaji. Nikamshukuru nikaondoka. Ufa kwenye shingo ya mguu si alama. Hapo ndipo uzito wote unapopita kila gari linapoyumba, na chuma kilichoanza kupasuka hakirudi nyuma.

Ikabaki kutengenezesha, na hapa ndipo nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Fundi niliyempata ni mtu mzima, mchomeleaji wa mageti na madirisha, mkono wake umetulia. Nilimwendea na mchoro. Akautazama, akauliza nitabeba nini, kisha akasema, "Nikuwekee skwea paipu ya milimita tatu, mdogo wangu. Hii haitakufa mpaka gari life." Alisema kwa nia njema kabisa. Kwenye geti, unene ni heshima. Nikamwomba dakika moja nifungue daftari.

Skwea paipu, yaani bomba la mraba, ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa kama kilo 1.1 kwa mita. Ya milimita 2 ni kama 1.4. Ya milimita 3 ni kama 2.1. Keria ya urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na robo, ukihesabu fremu ya chini, vyuma saba vya kukatiza, reli ya juu ya kuzunguka na viguzo vyake, inakula kama mita 23. Kwa hiyo ile nyembamba inatoka na kilo 25, ya kati 33, na ile ya kufa na gari inakaribia 48. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna dumu zima la dizeli likiwa limejaa, na dumu hilo huwezi kulishusha wala kulitumia. Fundi alicheka. Akasema basi fremu ya chini iwe ya milimita 2, vingine vyote 1.5, na pembeni aweke vipande vya pembetatu vya kuimarisha. Wazo hilo ni lake, na ni bora kuliko langu. Nguvu ya keria haimo sana kwenye unene wa bomba. Imo kwenye mpangilio, na mahali miguu inapokaa.

Nilimuuliza kuhusu aluminiamu kwa udadisi tu. Uzito wake ni theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, jambo linalosisimua mpaka ukumbuke kwamba ukakamavu wake nao ni karibu theluthi, kwa hiyo bomba lazima liwe nene au pana zaidi. Tena ikichomelewa hupungua nguvu pale pale kwenye kiungo, na kuichomelea kunataka mashine na mkono tofauti. Chuma cha kawaida kinajipinda kabla ya kukatika, na kikikatika porini, mwenye mashine yoyote ya kuchomelea anaweza kukiunga. Kwangu hoja hiyo ya mwisho ina uzito kuliko kilo zenyewe.

Kuhusu mabomba ya mabati tulikubaliana bila mjadala. Mtu anaweza kufikiri ni ujanja kutumia bomba lililokwisha kupakwa zinki ili kukwepa kutu. Lakini zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500, maana yake zinki yote iliyo karibu na kiungo inageuka moshi mweupe usoni mwa fundi. Moshi huo huleta homa, kutetemeka na kichefuchefu. Na baada ya hapo kiungo kimebaki uchi, kinashika kutu kama kawaida. Heri chuma cheusi, msasa wa kutosha, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ncha za mabomba zote zizibwe, na chini pabaki vitundu vidogo vya kutolea maji. Unyevu huingia hata pale unapodhani umeziba.

Nikiwa na hela ya ziada kidogo naipeleka kwenye miguu, si kwenye rangi. Miguu sita ingetosha, nimeomba minane. Kila mguu unapitisha uzito kwenye mfereji, na kadiri ilivyo mingi ndivyo kila sehemu ya mfereji inavyobeba kidogo. Tena ikae juu ya nguzo za bodi, pale mlango unapokutana na mlango, kwa sababu chini yake kuna chuma kinachofika mpaka sakafuni. Katikati ya dirisha kuna bati tu. Kati ya klempu na mfereji utakaa mpira mgumu, bolti za milimita 8 za chuma cha pua, na nati zenye pete ya plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtetemo. Hata hizo nitazikaza upya baada ya safari ya kwanza ya barabara ya matuta, rangi na mpira vikishajikandamiza.

Mafuta nayo yameingia kwenye safu ya pesa. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo keria isiyosumbua mjini inaanza kudai chake kwenye barabara kuu. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba boksi kubwa butu juu ya paa hupunguza umbali unaokwenda kwa lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Keria tupu si boksi, lakini nayo haiko huko bure. Kwa hiyo nimesisitiza klempu ziwe za kufunguliwa kwa spana moja, ili watu wawili waishushe bila kuita jirani wa tatu. Keria inayokaa juu mwaka mzima kwa ajili ya safari chache inajilipisha yenyewe kila unapojaza tangi. Kuhusu mluzi wa upepo, dawa ni rahisi: kamba nyembamba izungushwe kama skurubu kwenye chuma cha mbele, inavunja upepo usilie.

Sasa hivi, baada ya kufuta na kuandika upya, keria imepungua. Madumu ya mafuta nimeyaondoa juu, na maji vilevile. Vitu vizito vinakaa chini, katikati ya matairi, la sivyo gari linaegemea kwenye mteremko wa ubavu kama linataka kulala. Tairi la pili linaingia nyuma ndani. Juu kutabaki hema la turubai, mbao za kujinasulia, mifuko ya nguo na magodoro ya povu, vitu vinavyojaza nafasi bila kuongeza uzito. Kwa mzigo huo sihitaji mita mbili. Mita moja na robo ya urefu, vyuma vinne vya kukatiza, inakula mita 16 hivi za bomba na inatoka na kilo ishirini hivi kabla ya miguu. Fundi alisikitika kidogo, nadhani alishaiona ile ndefu akilini, lakini ameniandikia bei ambayo ninaweza kuilipa wiki hiihii bila kukopa.

Ananisubiri nimpelekee bolti na mpira. Kilichobaki bila jibu ni beleshi. Ndani linagonga kila kitu, juu likilala kwa upana linajitokeza kando ya paa, na kwa urefu linazuia mifuko. Fundi anasema atachomelea vishikizo viwili ubavuni mwa fremu, upande wa abiria, mpini uelekee nyuma. Mimi sitaki kitu chochote chenye makali upande ambao watu hushukia. Kesho tutabishana.