NFL na hela za kubeti za ng'ambo

Jana barazani mzee wetu mmoja kauliza, hawa Wamarekani wa NFL, ligi yao ya futiboli ya Kimarekani, wanakwenda kucheza mpira wao London tangu 2007 wanapata nini, Muingereza si ana wake? Nikamwambia babu, tiketi sawa ila siku hizi kuna hela nyengine kwenye data, tangu 2021 ligi iko na Genius Sports, kampuni ya data za michezo, kila yadi kila pasi inauzwa kwa makampuni ya kubeti wapange odi, yaani ukishinda unalipwa mara ngapi, mechi ikiwa inaendelea. Halafu mechi ya London nyingi zinaanza saa kumi na nusu jioni kwetu, Marekani ndo kwanza asubuhi, hapo mkeka wa kubeti wa Jumapili unafunguliwa mapema kabla ya mechi nyengine! Ila mie naona anaeliwa hapo zaidi ni Mmarekani mwenyewe, kwao tangu mahakama ilivofungua mlango 2018 watu wanabeti balaa, Muingereza yeye kubeti keshazoea zamani lakini hela yake anaweka kwenye soka, hawezi kuzihama Arsenal na Liverpool kirahisi hivo. Babu kasikiliza weee, mwisho kasema haramu tu hiyo, kaagiza kahawa nyengine.