Tokyo hadi Kyoto na watoto: panga mabegi kabla ya tiketi

Familia nyingi zinazokwenda Japani hutumia siku nyingi kulinganisha nauli, kisha hufika stesheni na mabegi manne makubwa, watoto wawili na kigari cha mtoto. Treni yenyewe haina shida. Nozomi, ile ya haraka zaidi kwenye njia hii ya Shinkansen (treni za kasi za Japani), hutoka Tokyo hadi Kyoto kwa takribani saa mbili na robo, na nyakati za abiria wengi treni hufuatana kwa dakika chache tu. Kinachoiharibu siku ya kuhama ni mizigo, kwa hiyo nashauri ipangwe kwanza.

Pima kila begi nyumbani: jumlisha urefu, upana na kina. Likiwa halizidi sentimita 160, linapanda rafu ya juu, ilimradi pawepo mtu wa kulinyanyua. Likivuka 160 hadi kufikia 250, lazima ukate siti yenye nafasi ya mizigo mikubwa, yaani mstari wa mwisho wa behewa, ambako begi hukaa nyuma ya viti. Siti hiyo haina nyongeza ya bei ukiiwekea nafasi mapema, lakini ukiingia na begi la namna hiyo bila nafasi utatozwa yen 1,000 na begi litawekwa atakapoona kondakta. Kigari cha mtoto hakihesabiwi katika sheria hii, ila kikunje kabla treni haijafika.

Njia bora kuliko zote ni kutokwenda na mabegi kabisa. Kampuni za usafirishaji, Yamato ikiwa maarufu zaidi, huchukua begi mapokezi ya hoteli ya Tokyo na kulifikisha hoteli ya Kyoto, kwa kawaida kesho yake. Begi kubwa hugharimu kama yen 2,000 hadi 4,000 kutegemea ukubwa, na lenye jumla ya sentimita 160 halitakiwi kuzidi kilo 25. Ulizia mapokezi saa ya mwisho ya kupokea mizigo, maana ukichelewa begi litaondoka siku inayofuata. Kwenye fomu jaza anwani na simu ya hoteli unakokwenda, jina lile lile lililo kwenye nafasi uliyoweka, na tarehe ya kuingia. Makosa hutokea hapo kwenye jina: baba ndiye aliyelipia hoteli, begi likaandikwa jina la mama, na mapokezi hawajui ni la nani. Pasipoti, fedha, dawa na nguo za usiku mmoja zibaki mkononi. Na kama mmekodi nyumba isiyo na mapokezi, njia hii ni ngumu, kwa sababu hakuna wa kupokea.

Sasa tiketi. Pasi ya reli ya siku saba (Japan Rail Pass, tiketi moja ya watalii kwa safari nyingi za treni) ilipanda bei mwezi Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000 kwa mtu mzima. Kwenda Kyoto na kurudi kwa siti ya kawaida ni kama yen 28,000, kwa hiyo kwa safari hiyo peke yake pasi ni hasara. Isitoshe, ukiwa na pasi unalipa nyongeza kupanda Nozomi.

Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu. Walio chini ya miaka 6 husafiri bure, wawili kwa kila mtu mzima, lakini bila siti yao. Wa miaka minne au mitano akikaa pajani saa mbili na zaidi, wote wawili mtachoka. Mkatie siti ya nusu nauli.

Ukinunua tiketi za karatasi, kila abiria huwa na mbili, ya nauli na ya mwendo wa haraka. Zitie getini zote kwa pamoja, kisha uzichukue upande wa pili. Mtu mzima mmoja atangulie kupita, mwingine awe wa mwisho, na watoto wawe katikati, kwa maana tiketi iliyosahaulika kwenye mashine ndiyo kosa la kawaida kuliko yote.

Siti zimepangwa tatu upande mmoja (A, B, C) na mbili upande wa pili (D, E). Kukanyaga pedali iliyo chini ya kiti hugeuza safu nzima, hivyo watu wanne au hata sita wanaweza kutazamana. Mlima Fuji uko upande wa E. Ukitoka Tokyo, anza kuchungulia baada ya dakika 40 hivi, hali ya hewa ikiruhusu. Wenye mtoto mchanga wachague siti karibu na behewa namba 11: kuna choo kikubwa, na chumba ambacho kondakta huweza kukufungulia unyonyeshe.

Chakula nunueni kabla ya kupanda. Kigari cha kuuza vyakula kwenye mabehewa ya kawaida ya njia hii kiliondolewa mwishoni mwa Oktoba 2023.

Mkiikosa treni yenu, tiketi haifi. Siku hiyo hiyo mnaweza kupanda nyingine kwenye mabehewa yasiyohitaji kuweka nafasi. Ila mwisho wa mwaka, likizo za mwishoni mwa Aprili na mapema Mei, na katikati ya Agosti, Nozomi zote huwa za kuwekewa nafasi tu. Mkichelewa wakati huo na kupanda Nozomi nyingine, mtasimama karibu na mlango hadi mwisho wa safari.

Kyoto treni husimama dakika moja au mbili. Nagoya, stesheni ya Nozomi kabla ya Kyoto, ndiyo ishara yenu: ikipita, mna kama dakika 35. Watoto waende chooni, viatu vivaliwe, na mabegi yashushwe rafuni mapema, si tangazo la kuwasili linapotoka.

Kutoka Kyoto kwenda Osaka msikate Shinkansen. Itawashusha Shin-Osaka, kisha mbadili treni tena. Treni ya kawaida ya haraka hufika stesheni ya Osaka katikati ya jiji kwa nusu saa, chini ya yen 600 kwa mtu mzima, na haihitaji kuweka nafasi. Epukeni tu saa za asubuhi watu wanapokwenda kazini.