Bretagne Kaskazini: Roscoff hadi Barnenez kwa Saa za Maji

Nilifika Roscoff, mji wa bandari katika Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida. Maji yalikuwa yamekupwa. Bandari ya zamani ilikuwa matope matupu na mashua zimelala ubavu. Pwani hii bahari hupanda na kushuka mita 8 hivi wakati wa bamvua, kwa hiyo boti ya kisiwa cha Batz huhama: maji yakijaa hupakia bandarini, yakikupwa unaifuata mwisho wa daraja refu la miguu linaloingia baharini. Toka mapema, maana ukiwa na mzigo daraja hilo halimaliziki.

Kanisa la Croaz-Batz lina merikebu zilizochongwa kwenye mawe ya kuta zake. Wenye meli wa karne ya 16 ndio waliochangia ujenzi. Mwaka 1828 Henri Ollivier alivusha vitunguu vya hapa kwenda kuuza Uingereza, wakulima wengine wakamfuata, wakizungusha mashada ya vitunguu nyumba kwa nyumba. Mababu zao walikuwa wamevuka mlango huohuo wa bahari kuja huku, kuanzia karne ya 5 hivi. Ndiyo maana Kibretoni, lugha ya asili ya hapa, ni ndugu wa Kiwelisi, lugha ya Wales, na si wa Kifaransa, ingawa utawala wa Bretagne uliunganishwa na Ufaransa mwaka 1532.

Carantec, mji mwingine wa pwani hii, ndipo pa kuwa makini. Njia ya kwenda kisiwa cha Callot hufunikwa na maji kila yanapojaa. Saa za kuvuka hubandikwa mwanzoni mwa njia, zifuate hizo. Ukitumia jedwali la maji, angalia kwanza kama limeshaongeza saa moja ya majira ya joto, kwani mengine hayaiongezi. Tazama pia namba ya nguvu ya maji, inayoanzia 20 hadi 120: kuanzia 95 ni bamvua, 45 kushuka ni maji mafu, yaani bahari hupanda na kushuka kidogo, na siku hizo njia hukaa wazi muda mfupi zaidi. Wanaonaswa wengi hudanganywa na saa ya kwanza. Maji huchukua saa sita hivi kujaa, lakini saa ya kwanza hupanda sehemu moja tu kati ya kumi na mbili. Saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu nzima.

Ng'ambo ya ghuba ya Morlaix ndiko Barnenez, kaburi la mawe lenye urefu wa mita 72 na vyumba 11, lililoanza kujengwa zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, bahari ikiwa chini kuliko leo. Zunguka upande wa nyuma. Miaka ya 1950 wachimba kokoto waliukata, na vyumba kadhaa viko wazi mpaka ndani, kila jiwe la dari likionekana lilivyoegemezwa juu ya mwenzake bila chokaa. Kaburi dogo la jirani walilimaliza kabisa.